Ua la Usambara dirishani Berlin: udongo umelowa lakini majani yamelegea, tatizo nini?

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari, mi niko Berlin, kwetu Korogwe. Mwezi wa kumi nilinunua yale maua wanayoyaita Usambaraveilchen, nikafurahi maana ni ya kwetu kabisa. Nimeyaweka dirishani juu ya hita ili yapate mwanga. Namwagilia kila Jumatano na Jumapili sikosi, maji ya bomba. Sasa majani yametoka viduara vya njano njano, katikati vijani vipya vimebanana havikui, na wiki hii majani ya chini yamelegea kabisa wakati udongo umelowa. Nikiona yamelegea naongeza maji. Nakosea wapi? Na hasa yanataka joto la kiasi gani?"

Dada pole na baridi, na kabla hujasoma mbele, leo usiongeze hata tone. Nenda kamwage maji yaliyobaki kwenye kisahani, maana najua yapo, halafu utoe mmea hapo dirishani uuweke mezani, mahali penye mwanga lakini mbali na kioo. Mengine tutaongea taratibu.

Umenitajia dalili tatu, na watu wengi wakiziona hizo wanajua ni magonjwa matatu wanakimbilia dukani kununua dawa. Mi naona chanzo kimoja tu, mmea wako umelowa huku unasikia baridi. Maji mengi peke yake yanaua polepole, baridi kidogo peke yake mmea unavumilia, ila vikikutana vyote viwili kwenye mzizi hapo ndo kuoza kunaanza na kunaenda mbio. Kwa hiyo lile swali la nimwagilie mara ngapi kwa wiki, ambalo kila mtu anauliza, halina jibu mpaka tujue huo mzizi umekaa kwenye nyuzi ngapi. Mmea ulio kwenye nyuzi 24 unakunywa, ulio kwenye nyuzi 14 umeacha kunywa, na wewe Jumatano ikifika unaujazia tu.

Wewe wa Korogwe utanielewa haraka, maana milima yenyewe ya Usambara unaiona ukiwa kwenu. Mjerumani mmoja aliyekuwa mkuu wa wilaya pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo aliyatuma haya maua kwao Ujerumani mwaka 1892, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akayaandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha (tangu 2015 wataalamu wameyahamishia kwenye kundi la Streptocarpus, ila dukani hakuna anayejali hilo). Sasa ukiyakuta porini, tuseme ndani ya msitu kule Amani, kwenye milima hiyo hiyo, huyakuti kwenye udongo wa shamba, unayakuta yamejishika kwenye jabali lenye kivuli, mara nyingi karibu na kijito, mizizi mifupi imeingia kwenye ukoga wa kijani na majani yaliyoozea kwenye ufa wa jiwe. Mvua ikinyesha maji yanapita yanateremka zake. Unyevu upo muda wote, lakini hakuna maji yaliyosimama, na hewa inafika mpaka kwenye mzizi. Na joto la Amani halirukiruki, wastani wake wa mwaka ni kama nyuzi 20 na ushee, mchana na usiku tofauti si kubwa, baridi kali hawaijui. Tena kuna mengine yanaota chini kabisa huku karibu na pwani ya Tanga, ndo maana joto huwa yanalivumilia kiasi, zaidi ya baridi. Chungu chako hapo Berlin kinatakiwa kiige hayo, na kwa bahati nzuri si kazi ngumu.

Joto yanalolipenda ni nyuzi 20 mpaka 24 mchana, usiku ikishuka mpaka 18 hakuna shida. Ikienda chini ya 16 siku nyingi mfululizo kukua kunasimama, vijani vya katikati vinatoka vidogo vigumu vimebanana, majani makubwa yanajikunja kwa chini, yaani ndo hicho unachokiona. Chini ya 10 hapo unauharibu mmea wenyewe. Upande wa juu, ikipita 27 au 28 muda mrefu maua yanadondoka yakiwa bado vitumba na majani yanakuwa na vikonyo virefu vimelegea. Utaniambia nyumba yangu ina nyuzi 21 muda wote, hita inafanya kazi. Sawa, nyumba ina 21, lakini dirisha halina 21.

Hapo dirishani hebu tuangalie vizuri, maana ndo kesi yote iko hapo. Mchana hita inapuliza joto kavu kutoka chini, linapita mbele ya majani, linakausha hewa, unyevu unaweza kushuka mpaka asilimia 30 au chini ya hapo wakati haya maua yanataka 50 hivi kwenda juu. Jioni unavuta pazia. Ukishavuta pazia, chungu kimebaki kati ya pazia na kioo, upande wa nje kuna barafu, joto la chumba halifiki tena pale, na nyumba nyingi huko usiku wanapunguza hita. Hapo nyuma ya pazia inaweza kuwa nyuzi 10 na kitu wewe umelala umejifunika unajua chumba kina joto. Halafu ile bamba ya dirisha, kama ni ya jiwe au marumaru, iguse kwa mkono saa kumi na moja alfajiri uone. Chungu kimekaa juu ya jiwe hilo kikiwa kimejaa maji, baridi yote inapanda kwenye mzizi. Na asubuhi kuna ile tabia ya Wajerumani ya kufungua dirisha lote wazi dakika kumi hewa ibadilike, tabia nzuri kabisa kwa nyumba ila mmea ulio mbele ya dirisha hilo unapigwa na upepo wa nyuzi sifuri usoni.

Nunua kipimajoto kidogo cha bei rahisi, kile kinachokumbuka joto la chini na la juu la siku nzima, ukilaze pale pale kando ya chungu usiku mmoja. Mi nakwambia namba utakayoikuta asubuhi itakushangaza kuliko maelezo yangu yote.

Si lazima uache dirisha moja kwa moja, mwanga yanauhitaji, na kipindi cha baridi huko jua ni la kubahatisha. Dirisha la mashariki ni zuri, la kusini kipindi cha baridi pia sawa ila ikifika mwezi wa nne lazima uweke pazia jepesi majani yasiungue. Cha kufanya ni hivi, weka kipande cha kizibo au stairofomu au hata ubao chini ya chungu kisigusane na jiwe, kisogeze majani yasiguse kioo, na usiku pazia lipite nyuma ya mmea, yaani mmea ubaki upande wa chumba. Ukifungua dirisha asubuhi uhamishie mezani kwanza. Ukichoka na hamisha hamisha hii, nunua taa ya LED ya mimea uifunge chini ya rafu, iwe sentimita 30 hivi juu ya majani, iwake kwa masaa 12 mpaka 14 kwa siku kisha uizime maana yanahitaji giza pia, na dirisha unaachana nalo mpaka masika. Watu wengi wenye haya maua yanayochanua mwaka mzima wanafanya hivyo, huna haja ya jua.

Sasa vile viduara vya njano. Huo si ugonjwa dada, usinyunyizie dawa. Jani la ua hili lina seli za juu ambazo haziwezi kabisa kushushwa joto ghafla. Maji yakidondokea jani yakiwa na baridi kuliko jani lenyewe kwa nyuzi nane hivi au zaidi, zile seli zinapasuka kwa ndani pale pale, kijani kinaharibika, siku chache baadaye unaona duara au mstari wa njano unaofuata umbo la tone. Maji ya bomba Berlin mwezi wa pili yanatoka ya baridi kweli kweli, jani limepashwa na hita liko 25, hapo tone moja tu linatosha. Watu wanasemaga haya maua hayataki maji kwenye majani, si kweli sana, mi yangu nayaogesha kabisa yakishika vumbi, ila kwa maji ya vuguvugu na nayakausha kivulini kabla hayajaona jua. Shida ni baridi. Lile duara lililotoka halifutiki tena, usisubiri lipone, angalia tu majani mapya yasitoke nalo.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya maji ni kwamba yawe na joto la chumba. Jaza chupa au jagi leo, liache juu ya meza, utumie kesho. Usichanganye na ya moto haraka haraka kwa kukisia.

Kuhusu lini umwagilie, Jumatano na Jumapili tunaziacha. Nyanyua chungu. Yaani siku ukishamwagilia kikachuja, kinyanyue kwa mkono uzito wake uuhisi, kesho kinyanyue tena, keshokutwa tena, baada ya wiki mbili mkono wako utakuwa unajua wenyewe. Kikiwa chepesi na udongo wa juu umepauka na ukiugusa haukuachii alama kidoleni, hapo ndo maji. Kwa chungu cha plastiki cha sentimita 10 kwenye chumba cha nyuzi 21 mara nyingi inakuja kuwa kama mara moja kwa wiki, kipindi cha giza inaweza kufika siku kumi, lakini hizo namba usizifanye msahafu. Chungu cha udongo kinakauka haraka zaidi, taa ikiwaka saa 14 kinakauka haraka zaidi, chumba cha baridi kinachelewa.

Namna ya kumwagilia, mi napenda kutokea chini. Weka maji kwenye kisahani au bakuli, sentimita mbili tatu, weka chungu humo, dakika 20 au 30 uone juu pamepata unyevu, kisha toa, acha kichuje, MWAGA yanayobaki. Hapo kwenye kumwaga ndo wengi wanalala. Mmea kukaa kwenye kisahani chenye maji usiku kucha kwenye jiwe la baridi ni hatari kuliko kusahau kumwagilia wiki nzima, maana huu wa kusahauliwa ukiupa maji kesho yake umesimama, na ule uliooza mzizi hausimami.

Hapo nijibu na lile la kulegea, kwa sababu linachanganya watu sana. Mmea wenye kiu unalegea. Mmea uliooza mizizi nao unalegea vile vile, kwa sababu mzizi uliokufa haunyonyi, kwa hiyo juu unakufa kwa kiu huku chini kumejaa maji. Tofauti unaipata kwenye uzito wa chungu tu. Chepesi na umelegea, upe maji. Kizito na umelegea, ukiongeza unaumaliza. Dalili nyingine ni vile vijidudu vyeusi vidogo vinavyorukaruka juu ya udongo, ukiviona ujue udongo huo haujapata kukauka muda mrefu.

Maji ya Berlin pia ni magumu, nadhani umeona birika lako la umeme linavyoshika ule ukoko mweupe ndani. Chokaa hiyo hiyo inajikusanya kwenye udongo, ukimwagilia kutokea chini tu chumvi zote zinapanda juu na hazina pa kutokea, unaona unga mweupe au wa kahawia kwenye mdomo wa chungu, na kikonyo cha jani kikiegemea hapo kinaungua na kuoza. Ukiweza kukinga maji ya mvua tumia hayo, au ya kuchuja. Na kila mwezi mmoja au miwili mwagilia kutokea juu, maji mengi ya vuguvugu, polepole pembeni usiguse moyo wa mmea, yatoke chini yote yakiwa yamebeba chumvi, kisha umwage. Mbolea kipindi hiki usimpe kabisa, mgonjwa huyo. Akishapona, ile ya maji ya mimea ya maua, robo ya kipimo walichoandika kwenye chupa inatosha.

Unyevu wa hewani usiutafute kwa kupuliza puliza maji juu ya majani, yana manyoya yale, maji yanakaa na yanaleta ukungu. Chukua sinia, weka kokoto, weka maji yasifike juu ya kokoto, chungu kikae juu ya kokoto kisiguse maji. Au kusanya mimea yako pamoja, inasaidiana.

Kama wewe ni mtu wa shifti na safari, kuna njia ya utambi. Inafanya kazi kama koroboi tu, uzi wa nailoni au wa akriliki unapita tundu la chini ya chungu, ncha moja ndani ya udongo nyingine ndani ya kopo la maji lililofunikwa chini, mmea unavuta kadiri unavyohitaji. Pamba usitumie, inaoza. Lakini udongo wa kawaida wa dukani kwa utambi ni mzito, utabaki tope muda wote, lazima nusu yake iwe perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi. Na narudia, utambi kwenye chumba cha baridi ni kujitafutia matatizo, kwanza rekebisha joto.

Nikitoka kidogo nje ya swali, maana walioko nyumbani nao wananiulizaga. Dar tatizo lenu ni kinyume, chumba kinafika 30 na zaidi, hapo dirisha linalopigwa na jua lipewe pazia, feni ipite mbali isipulize mmea moja kwa moja, maua yatakuwa machache mwezi wa kwanza na wa pili na ndo ilivyo, subirini mwezi wa sita. Nairobi mwezi wa saba usiku mnakaribia haya haya ya Berlin, kasoro hita. Na tafadhali msiende kuchimba ya porini Usambara au Taita, mengi yamebaki sehemu ndogo ndogo sana za msitu, na ya kutoka kwenye jani la rafiki yanastawi vizuri zaidi.

Turudi kwa mgonjwa wako. Kesho mchana mtoe kwenye chungu, taratibu, uangalie mizizi. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa na migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta inachunika inabaki uzi, na inanuka. Kama zaidi ya nusu ni mizima, kata iliyooza kwa mkasi uliousafisha kwa spiriti, toa majani ya chini yaliyolegea, upande upya kwenye chungu kidogo, upana wa chungu uwe kama theluthi ya upana wa mmea, mchanganyiko wa udongo mwepesi wa piti (mabaki ya mimea yaliyooza) sehemu moja, perlaiti sehemu moja, vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) sehemu moja. Usishindilie. Mpe maji kidogo ya vuguvugu, mfunike na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka sehemu ya nyuzi 21 mpaka 24 isiyo na jua la moja kwa moja, mfuko ufungue kidogo kila siku hewa ibadilike. Ndani ya mfuko huo hatahitaji kumwagiliwa siku nyingi, na hapo ndo watu wanashindwa kujizuia, mkono unawawasha. Jizuie.

Kama mizizi yote imekwenda, angalia shina. Kata chini kwa kisu kikali, ukikuta katikati kuna kahawia kata tena juu kidogo, mpaka ufike penye kijani safi. Ukipapata, kipande hicho cha juu kipandikize kama kilivyo kwenye vemikulaiti yenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, kitatoa mizizi upya ndani ya mwezi hivi. Usipopata kijani safi, basi shina achana nalo, chukua majani mawili matatu ya safu ya katikati, yale magumu yasiyo na viduara, kata kikonyo kibaki sentimita mbili mpaka tatu, ukate kwa mshazari, chomeka kwenye vemikulaiti au perlaiti yenye unyevu, funika, joto lile lile la 21 mpaka 24. Mizizi inachukua wiki tatu nne, vichipukizi vinatokea juu ya udongo baada ya miezi miwili hivi, mara nyingine mitatu, na jani likiwa bado kijani na gumu usilifukue kuchungulia. Fanya haya majani hata kama mizizi umeikuta mizima, maana yale majani yanakaa kwenye kopo la mtindi tu, hayakugharimu kitu, na mgonjwa akikushinda una watoto wake tayari.

Kitu kimoja niangalizie kabla hujafanya yote hayo. Vile vijani vya katikati vilivyobanana, viangalie kwa lenzi au piga picha kwa simu ukuze. Kama vimebanana tu lakini rangi ni kijani cha kawaida ni baridi, ukimweka penye joto ndani ya wiki tatu nne vitaanza kufunguka. Kama vina rangi ya kijivu, manyoya yamesongamana kupita kiasi, vinavunjika kama biskuti ukigusa, na vitumba vya maua vimepinda, huyo ni utitiri mdogo sana usioonekana kwa macho, na hapo ushauri wangu ni kutupa mmea huo na udongo wake kwenye mfuko uliofungwa, uoshe mikono, na majani yake usiyapande.

Ukishapata ile namba ya kipimajoto cha usiku niandikie, pamoja na picha ya mizizi, nikwambie kama ukate au uache.